Kwenda Wete kwa Ajili ya Masomo Yasiyofunguka

Maalim alinipigia simu kutoka Wete, Pemba, mimi nikiwa dukani Kariakoo, na kitu cha kwanza nilichomwomba ni asifute chochote. Kwa miezi kadhaa alikuwa akirekodi masomo ya hisabati ya sekondari kwenye kompyuta yake: skrini inaonyesha anachoandika kwa kalamu ya kielektroniki, sauti yake inaeleza kila hatua. Sasa mafaili kadhaa hayafunguki. Yapo, yana uzito wake, lakini ukiyabonyeza kompyuta inasema haiwezi kuyacheza. Kijana mmoja wa mtaani kwake alishamshauri abadilishe herufi za mwisho za majina ya mafaili, mwingine akamwambia afomati diski aanze upya. Nikamwambia, "Maalim, izime hiyo kompyuta, iache kama ilivyo. Nitakuja mwenyewe."

Wenzangu dukani waliuliza kwa nini nisafiri wakati mafaili hutumwa. Somo moja la saa nzima lilizidi gigabaiti moja, na bando la kuyapandisha yote lingemla Maalim fedha nyingi, ila hilo lingevumilika. Lililonisafirisha ni tabia ya video zenyewe. Video ya skrini iliyoharibika mara nyingi hurudishwa kwa msaada wa video nzima iliyotoka kwenye kompyuta ileile, kwa programu ileile na mipangilio ileile. Nikibaki Dar ningekuwa na mafaili mabovu peke yake. Wete ningekuwa na mashine iliyoyatoa. Tena nilikuwa na hamu ya kukiona kisiwa cha Pemba, maana katika maisha yangu yote nilikuwa sijavuka Unguja kwenda mbele.

Begani nilibeba laptopu yangu, diski ya nje tupu yenye nafasi ya kumeza diski yote ya Maalim, na flashi yenye programu ambazo siachani nazo: VLC, FFmpeg, na kijiprogramu kiitwacho untrunc kilichoandikwa na Federico Ponchio wa Italia. Zote tatu ni za bure. VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris. FFmpeg ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Nazitaja kwa majina kwa sababu mtu aliyepotelewa na video huwa na haraka, na haraka hiyo humpeleka kwenye tovuti zinazomtaka apandishe faili lake na alipe kwanza, kumbe kazi hiyohiyo ingefanyika mezani kwake bila faili kutoka nje ya nyumba.

Boti ya mchana ilinifikisha Unguja, na usiku nikapanda meli ya Pemba bandarini Malindi. Nilipata nafasi karibu na mama mmoja wa Mkoani aliyekuwa akirudi kutoka harusini. Alinisikia nikizungumza na Maalim kwa simu, nikimhakikishia kwamba nimeshapanda na kwamba kompyuta isiwashwe hata kidogo. Nilipokata simu akanigeukia.

"Mwanangu, kumbe wewe ni fundi wa video. Basi na mimi niangalizie."

Binti yake anaishi Muscat na alikuwa amejifungua. Mjukuu mkubwa aliyeko Mkoani alirekodi skrini ya simu yake wakati wa mazungumzo ya video ili bibi apate kumtazama mtoto kila anapotaka, akamtumia rekodi mbili. Ya kwanza haikufunguka kabisa kwenye simu ya bibi. Ya pili ilifunguka, mtoto anaonekana, mama yake anaonekana akicheka, lakini kimya.

Nilizihamishia zote kwenye laptopu. Ile ya kwanza VLC iliifungua papo hapo, na mama akashika mkono wangu kwa nguvu kabla sijasema neno. Faili halikuwa na ubovu wowote. Simu mpya ya mjukuu ilikuwa imebana picha kwa kodeki ya H.265, iliyoidhinishwa mwaka 2013, ambayo huchukua nafasi ndogo zaidi kuliko H.264 ya mwaka 2003. Simu ya bibi ni ya zamani, haiijui lugha hiyo ya kubana. Kompyuta nyingi za Windows nazo hugoma hivyohivyo mpaka ziongezewe kodeki, na mtu hudhani video imekufa. VLC hubeba kodeki zake yenyewe, ndiyo maana huwa naianza hiyo kabla ya kuhukumu faili lolote. Kwa kuwa video ilikuwa fupi, niliipitisha kwenye FFmpeg ikatoka katika H.264, nikairudisha kwenye simu yake. Aliitazama, akaiona tena, akawaonyesha na waliokaa nyuma yetu.

Rekodi ya pili ilikuwa habari nyingine. Njia ya sauti ilikuwemo ndani ya faili, lakini ilikuwa tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Simu nyingi haziruhusu programu ya kurekodi skrini ichukue sauti ya mazungumzo ya simu, hivyo kicheko cha binti yake hakikuwahi kuingia humo. Nilimweleza hivyo bila kuzungusha maneno, kwa sababu nimeona watu wakitozwa fedha kwa ahadi ya kurudisha kitu kisichokuwepo.

"Alhamdulillahi," akasema, "uso ninao. Sauti nitampigia."

Meli ilipoanza kuyumba, walio wengi walijilaza. Mimi nilikaa macho nikiyapanga yale niliyoyasikia kwa Maalim. Kazi yote ya kutafuta kwa nini video haifunguki imo katika kujua uko mahali gani kati ya matatu: faili zima ambalo kifaa hakilijui, kitu ambacho hakikurekodiwa kamwe, na kitu kilichorekodiwa ambacho njia ya kukifikia imepotea. La kwanza linakwisha kwa dakika chache. La pili halina dawa. La tatu ndilo lenye masomo ya Maalim, nilihisi hivyo tangu aliponiambia kwamba betri ya kompyuta yake ilikufa zamani na huitumia kwa waya tu.

Mkoani tulifika kumekucha. Gati limejaa wachukuzi na mikokoteni, na mizigo ikaanza kushuka: magunia ya mchele, mabomba, magodoro yaliyofungwa kamba, friji moja iliyobebwa na watu wanne. Kila gunia lilikuwa limeandikwa jina na mtaa kwa wino mzito mweusi. Wachukuzi walisoma na kuita, watu wakajibu, mzigo ukaondoka. Yule mama wa melini alinifuata kuniaga na kunielekeza gari la Chake Chake, akamwonya kondakta kwamba mimi ni mgeni nisipitishwe kituo.

Sikutegemea kisiwa chenye vilima vingi hivyo. Barabara inapanda na kushuka, na kila inaposhuka kuna bonde la mpunga, kila inapopanda kuna mikarafuu. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Kando ya lami na kwenye viwanja vya nyumba yalitandazwa majamvi, juu yake karafuu za siku mbalimbali: za kijani zilizochumwa karibuni, zenye wekundu, na zile zilizokwisha kukauka zikawa kahawia. Harufu iliingia madirishani hata gari lilipokuwa likienda kasi. Chake Chake nikabadilisha gari, nikapanda la namba 606 kwenda Wete, nimebanwa kati ya mzee aliyepakata kuku na wanafunzi waliokuwa wakiulizana vipengele vya mto na delta, somo la jiografia. Nikafikiri juu ya wanafunzi wa Maalim. Sekondari kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anayelijua jawabu anaweza kukwama kwenye swali. Maalim alikuwa akisoma swali kama lilivyo kwenye mtihani, kisha analifungua kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilishasikia kipande kimoja alichonitumia. Ni kazi ambayo haifai kupotea.

Nyumba yake iko kwenye mteremko, bahari inaonekana kati ya minazi. Alikuwa barazani akinisubiri, kofia kichwani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umevuka salama? Karibu, karibu ndani."

Nilitaka kuiona kompyuta, lakini mwenyeji wangu hakutaka kusikia. Mkewe alileta chai ya mchaichai, mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga, na mpaka nilipokula wakaridhika ndipo tukaingia chumba cha kazi. Meza ndogo, daftari za masomo zimepangwa kwa kidato, maikrofoni ya bei nafuu iliyofungwa kitambaa ili pumzi isivume, na laptopu nene ya miaka mingi. Waya wake wa umeme ulitoka ukutani moja kwa moja.

Pemba inapata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kiasi cha kilomita 78, ulioanza kazi mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kiliishi kwa jenereta za dizeli. Maalim anaukumbuka mwaka huo vizuri. Anasema bila waya ule asingefikiria kufundisha kwa kompyuta. Ila kompyuta isiyo na betri haivumilii hata kupepesa kwa umeme, na jioni anazorekodi ndizo nyumba zote zinapowasha taa, pasi na majiko. Kila tarehe ya faili bovu aliyonitajia ilikuwa tarehe ya umeme kukatika. Mkewe alikuwa ameziandika kwenye kalenda ya ukutani, maana siku hizo Maalim hulala mapema kwa huzuni.

Nilianza kwa kunakili. Diski yake yote ilihamia kwenye diski yangu ya nje, na tangu hapo sikugusa tena mafaili ya asili. Hili nalisisitiza kwa kila mtu anayekuja dukani: faili lililoharibika linakuwa hatarini zaidi mikononi mwa mwenye shauku ya kulitengeneza. Kila programu inayoandika juu yake, kila faili jipya linalorekodiwa kwenye diski hiyo, linaweza kukalia nafasi ya kile unachokitafuta.

Kisha tukayachambua. Machache hayakuhitaji matengenezo. Hayo yalikuwa masomo mazima yaliyohamishwa kwa flashi yakakatika njiani, na kopi nzima ilikuwa bado kwenye folda nyingine. Kulinganisha ukubwa kwa baiti kulitosha kuonyesha ipi ni nzima. Flashi yenyewe ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili la gigabaiti nne au zaidi, ndiyo maana semina yake moja ndefu ilikataliwa kila mara. Nikaifomati kwa exFAT baada ya kuhakikisha haina kitu cha pekee ndani. Faili moja, la somo la uwezekano, lilikuwa na baiti sifuri. Jina tu. Na moja lilicheza vizuri, sauti safi, ila picha nyeusi mwanzo hadi mwisho. Hali hiyo huonekana sana kwenye laptopu zenye vifaa viwili vya michoro, programu ya kurekodi inapokaa kwenye kimoja na skrini ikahudumiwa na kingine. Picha haikurekodiwa, basi. Nikaitoa sauti peke yake nikaihifadhi, maana maelezo ya Maalim hata bila ubao yana faida.

Yaliyobaki yalikuwa yale niliyoyafuata. FFmpeg ilijibu kwa kila moja kwamba moov haikupatikana.

Nikafungua faili la kwanza kwa programu ya kusoma baiti moja moja, nikamsogezea Maalim kiti. Mtu wa hisabati hahitaji kufichwa namba. Mstari wa kwanza ulianza hivi: 00 00 00 20 66 74 79 70. Baiti nne za mwanzo ni ukubwa wa kisanduku, na 20 ya hexadesimali ni 32. Maalim aliigeuza kichwani kabla sijaisema. Nne zinazofuata ni herufi f, t, y, p, alama kwamba faili ni la jamii ya MP4. Mbele kidogo kipo kisanduku kifupi cha kujazia nafasi, kisha inakuja 00 00 00 00 6D 64 61 74. Hiyo ni mdat, ghala la picha na sauti zote.

"Hizi sifuri nne," nikamwambia, "ndipo ukubwa wa ghala unapoandikwa. Programu huziacha sifuri mpaka utakapobonyeza kusimamisha, kwa sababu kabla ya hapo haijui ghala litafika wapi. Hukubonyeza. Umeme ulikutangulia."

Akavua miwani, akaisogelea skrini. "Kwa hiyo ghala limejaa?"

Lilikuwa limejaa. Tulishuka chini kurasa nyingi, baiti zinapita hazina mpangilio wa macho, ishara nzuri kwamba pana picha iliyobanwa. Karibu na mwisho tu ndipo pakawa sifuri tupu kwa kipande kifupi: nafasi ambayo diski ilikuwa imeshaitenga lakini data yake ilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda umeme ulipokwenda. Hizo sekunde za mwisho zimekwenda. Zilizotangulia zote zipo.

Kisichokuwepo ni moov. Hicho ni kisanduku cha faharasa, na kwa kawaida programu hukiandika mwisho kabisa: kila fremu inaanzia baiti ya ngapi, ina ukubwa gani, ionyeshwe wakati gani, ipi inajitegemea na ipi inaitegemea iliyotangulia, sauti imekaa wapi kati ya picha. Humo pia hukaa maelezo mafupi ya kodeki ambayo bila hayo H.264 haijui hata upana na kimo cha picha. Mpangilio huu umetokana na QuickTime ya Apple ya mwaka 1991, ambayo baadaye ilifanywa msingi wa MP4 na shirika la viwango la ISO. Asubuhi ile Mkoani kila gunia lilimfikia mwenyewe kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake. Faili lisilo na moov ni shehena hiyohiyo imeshushwa gatini bila jina wala orodha, mzigo wote upo na hakuna awezaye kusema kipi ni cha nani.

Untrunc hufanya kazi ya kuiandika orodha upya. Unaipa faili zima na faili bovu. Kutoka kwenye lile zima inachukua maelezo ya kodeki na mazoea ya mpangilio, kisha inapita kwenye ghala la lile bovu ikitambua: hapa fremu inaanza, ina urefu huu, hapa ni sauti. Nikachukua somo zima la wiki za karibuni nikaipa pamoja na faili la kwanza. Iliandika faili jipya. Tulipolifungua, picha ilikuwa ukungu wa kijivu wenye mistari ya kijani, na sauti ikakwaruza.

Mkewe Maalim alikuwa amesimama mlangoni. "Ndiyo imekufa?"

"Haijafa, mama. Mfano tulioipa programu haufanani nayo."

Nikamuuliza Maalim kama aliwahi kubadilisha mipangilio. Akafikiri, akakumbuka kwamba mwanafunzi mmoja alilalamika haoni vipeo, vile vinavyoandikwa vidogo juu ya namba, naye akaongeza ukubwa wa picha. Lini, hakukumbuka. Hapo programu yenyewe ikatusaidia. Alikuwa akitumia OBS, na OBS kila inapowashwa huandika logi: tarehe, ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, enkoda iliyotumika, kiwango cha biti. Huhifadhi logi za karibuni tu na kuzifuta za zamani, lakini iliyohusu jioni ya faili letu ilikuwepo. Ilisema 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, enkoda ya x264. Somo tulilolitumia kama mfano lilikuwa la 1920 kwa 1080.

Tukairudisha OBS kwenye mipangilio ya jioni ile, namba kwa namba, na Maalim akaketi kurekodi mfano mpya. Nilimwomba aandike na kusema kama anavyofanya darasani, kwa dakika kadhaa, kwa sababu mfano ulionyamaza na kutulia hauipi untrunc vya kutosha kuitambua sauti na picha zinazosogea. Akafundisha mraba wa jumla ya namba mbili. Hakuwa na wanafunzi mbele yake, na bado alisimama katikati kuuliza, "Umeniona nilivyofanya hapo?" akasubiri kidogo kabla ya kuendelea.

Nikaipa untrunc mfano huo na faili bovu. Safari hii mstari baada ya mstari ulionyesha fremu zikitambuliwa kwa mfululizo. Nilipolifungua, skrini nyeupe ilitokea, juu yake wino wa buluu, na sauti ya Maalim ikasoma swali la mlinganyo wa kipeo cha pili kwa Kiingereza, kisha ikasema kwa Kiswahili tuanze kwa kutazama tunapewa nini. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Mkewe aliita watoto. Sauti ilichelewa kidogo nyuma ya kalamu. Nikaisogeza kwa FFmpeg mpaka ikalingana. Somo lilikwenda mpaka kwenye hatua ya mwisho, kalamu ikiwa katikati ya kuandika jawabu, likakatika.

"Jawabu nitawaandikia," akasema.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya subira zaidi kuliko akili. Mafaili yenye logi yalirudi kwa njia hiyohiyo. Yale ya zamani ambayo logi zake zilishafutwa ilibidi tuyajaribu kwa kubahatisha mipangilio, tukianza na ile iliyokuja na programu. Mengine yakakubali, mengine yalitoa vipande. Wakati kompyuta ikifanya kazi nilikaa barazani na familia nikajifunza kuchambua karafuu, kutenga tumba na kikonyo chake, mikono ikanuka mpaka usiku. Maalim hakukaa. Alikuwa akiingia na kutoka chumbani, na kila somo lililofunguka alitia alama kwenye daftari yake.

Halafu tukazungumza juu ya kesho. Maalim alichagua MP4 kwa sababu njema: alipotuma mafaili ya muundo wa MKV, simu za wanafunzi wengi zilikataa. Lakini MP4 ya kawaida inasubiri mwisho ili iandike faharasa, na kwa mtu asiye na betri mwisho hauna uhakika. MKV huandika maelezo yake kipande kwa kipande kadiri inavyorekodi, hivyo ikikatwa hubakiza yote yaliyotangulia. OBS ina sehemu ya kugeuza MKV kuwa MP4 baada ya kurekodi, bila kuibana picha upya; somo la saa nzima hugeuzwa kwa muda mfupi na ubora haubadiliki hata pikseli moja. Kubadilisha herufi za mwisho za jina, kama alivyoshauriwa, hakubadilishi chochote ndani. Matoleo mapya ya OBS, tangu 30.2 ya mwaka 2024, yana pia MP4 mseto inayoandika faharasa vipande vipande, nzuri kwa mwenye kompyuta inayoweza kuibeba. Ya Maalim ni nzee. Tukabaki na MKV.

Hakutaka kuniamini kwa maneno, na alifanya vyema. Alianza kurekodi, akaandika mistari kadhaa ya somo la uwezekano, lile la baiti sifuri, kisha katikati ya sentensi akainama mwenyewe akachomoa waya ukutani. Skrini ikazimika. Akachomeka, akawasha, tukangoja Windows imalize kujikagua. Faili lilikuwepo. Akalibonyeza, likacheza hadi karibu na lile neno alilokatikia. Akaligeuza kuwa MP4, akamtumia mwanafunzi mmoja, jibu likarudi kwamba limefunguka. Ndipo akaandika hatua hizo kwenye ukurasa wa mbele wa daftari, kwa mwandiko wa ubaoni.

Kabla sijaondoka alikuja mwalimu mwenzake kutoka Konde, amesikia msikitini kwamba kuna fundi. Alikuwa na flashi, ndani yake rekodi ya mafunzo ya walimu aliyoyafuata kwenye mtandao, haifunguki tangu umeme ulipokatika. Nilinakili faili, nikalifungua kwa baiti. 00 00 00 20 66 74 79 70, kisha chini kidogo zile sifuri nne mbele ya mdat, na nyuma yake ghala lililojaa.

"Kompyuta iliyorekodi iko wapi?" nikamuuliza.

"Ipo nyumbani, Konde."

Nikamwambia asiiwashe. Asubuhi tukapanda gari la Konde pamoja.